Wikendi ya Nyumba za Kale Mombasa: Fuata Upepo, Piga Hodi

Mafundi waliojenga Mji wa Kale walikuwa na wawili akilini kabla ya kuweka jiwe la kwanza: upepo na mgeni. Upepo waliutafutia pa kuingilia na pa kutokea. Mgeni walimwekea baraza ya kukaa kabla hata hajaugusa mlango. Ukiyashika hayo mawili, kila utakachokiona kwenye nyumba hizi, kuanzia roshani hadi kidaka, kile kishubaka cha ukutani, kitakuwa na sababu yake. Usipoyashika, utaikata barabara ya Ndia Kuu kwa nusu saa, upige picha za milango kumi na miwili, kisha urudi hotelini umelowa jasho na hujaona nyumba hata moja.

Nawaandikia hasa wale wanaokuja na kupita hivyo. Bibi yangu aliishi nyumba ya ghorofa moja upande wa Kibokoni, na mchana wa Januari tulikuwa tukilala sakafuni darini kwake, milango imeachwa wazi pande zote mbili. Tangu hapo sijapata feni iliyoufikia upepo ule. Mwongozo huu ni wa siku mbili na nusu, Ijumaa jioni hadi Jumapili.

Hatua ya kwanza: chagua upepo kabla ya kuchagua tarehe

Watu huuliza mwezi gani ni mzuri kuja. Wazee wa hapa watakujibu kwa majina ya pepo.

Kaskazi huvuma takriban Disemba hadi Machi. Huu ndio upepo uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na ndio wenye joto. Bahari hutulia, jua huwaka, usiku hewa huwa nzito. Maembe nayo, ngowe na boribo, yamejaa soko la Marikiti, na wageni wa kutoka bara wamejaa mji kwa ajili ya Krismasi, kwa hiyo vyumba hupanda bei. Ukija kaskazi utavumilia mengi, lakini utapata somo moja ambalo misimu mingine haifundishi vizuri. Utatoka kwenye barabara ya lami inayochoma, uingie kichochoro chembamba kilichofunikwa na kivuli cha kuta, kisha uingie chumba chenye ukuta wa karibu nusu mita. Mwili wako wenyewe utakueleza kwa nini ukuta ule ni mnene.

Kusi huvuma Aprili hadi Septemba hivi. Mwanzo wake ni mvua ya mwaka, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa. Mei sikushauri hata kidogo: vichochoro hugeuka mifereji na nyumba nyingi hufunga madirisha, na nyumba hizi zikifungwa madirisha ni kama umemwona mtu akiwa usingizini. Ikifika mwisho wa Juni mvua hupungua, kipupwe huingia, na asubuhi kuna ubaridi mwepesi ambao sisi wa hapa tunauvalia sweta. Wenye kufuata ufuo hulalamika kwamba bahari imechafuka na mwani umejaa mchangani. Mwenye kufuata nyumba hana la kulalamikia.

Mimi nachagua demani, kusi inapolegea, kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba mwanzoni kabla ya vuli. Jua lipo, upepo upo, watu si wengi, na roshani zimefunguliwa.

Kuna na msimu usiofuata upepo, nao ni Ramadhani, ambayo husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mchana mji hunyamaza na hupaswi kula wala kunywa barabarani mbele ya waliofunga. Baada ya futari mambo hugeuka: taa, watoto, kaimati, viazi karai, watu wamekaa barazani hadi karibu na daku. Kama shida yako ni kuona baraza ikifanya kazi yake, hakuna wikendi iliyo bora kuliko ya Ramadhani. Kama unataka kuingia ndani ya nyumba za watu, ngoja upite mwezi.

Hatua ya pili: lala ndani ya mji, na uulizie chumba maswali ya maana

Anayetoka Nairobi kwa treni ya SGR hushukia Miritini, nje ya kisiwa, kisha huchukua matatu au teksi hadi mjini. Tuktuk itakufikisha Fort Jesus. Kutoka hapo beba mkoba wako utembee, kwa kuwa vichochoro vingi vya Mji wa Kale havikujengewa magari. Basi njoo na mzigo mdogo.

Nyumba za wageni zilizomo ndani ya Mji wa Kale si nyingi, na nyingine ni nyumba za familia zilizogawanywa vyumba. Usichague kwa picha ya kitanda. Piga simu uulize: je, chumba kina madirisha pande mbili, au kina dirisha na mlango vinavyotazamana? Chumba chenye tundu upande mmoja tu hakipitishi upepo hata dirisha liwe kubwa namna gani. Je, kinatazama bandari ya kale, upande wa kuelekea Nyali? Kiko ghorofa ya ngapi, na ngazi ikoje? Ngazi za nyumba hizi husimama wima kama za kupandia mnazi, na mzee mwenye magoti mabovu hatafurahi. Chandarua kipo? Maji yakikatika kuna tangi? Adhana ya alfajiri utaisikia popote utakapolala, kwa hiyo usiulize. Ikubali iwe saa yako ya kuamkia.

Ukifika Ijumaa jioni usifanye chochote kikubwa. Kunywa kahawa chungu ya muuza kahawa kwa kikombe kidogo, na kipande cha halwa. Zunguka mtaa wako mara moja ili uujue usiku. Ukiwa umefika Ijumaa mchana, kumbuka kwamba kuanzia saa sita hadi saa nane maduka mengi hufungwa kwa sala.

Hatua ya tatu: Jumamosi, toka kabla jua halijapanda

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ndiyo saa yake. Mwanga unapita ubavuni mwa kuta na kuonyesha kila mchongo, wanaouza mahamri na mbaazi za nazi wameshaanza, na wenye nyumba wanafagia mbele ya milango yao. Mwenye fagio mkononi huwa na wakati wa kukujibu salamu.

Njia ninayowapitisha wageni wangu ni hii. Anzia Fort Jesus kwa nje, ingia barabara ya Mbarak Ali Hinawy, nenda taratibu hadi Msikiti wa Mandhry, ule wenye mnara mnene wa mviringo unaochongoka juu, unaosemwa kuwa wa mwaka 1570 hivi. Endelea hadi uwanja wa forodha ya zamani, mbele ya bandari ya kale. Hapo karibu kuna Leven House, iliyobeba jina la meli ya Kiingereza iliyofika hapa mwaka 1824, na ngazi zinazoshuka hadi majini. Kisha rudi kwa Ndia Kuu. Wageni husahihisha jina hilo wakadhani ni makosa, waandike "Njia Kuu". Ndia ndilo neno la Kimvita, liacheni.

Yote hayo ni mwendo mfupi. Ukitembea bila kusimama utamaliza kwa dakika ishirini. Nataka ikuchukue saa mbili.

Saa mbili Fort Jesus hufunguliwa. Ingia, lakini safari hii iache mizinga ya Wareno, ingawa ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Nenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa barza wa ukoo wa Mazrui, waliotawala Mombasa hadi 1837, ukaone baraza za mawe zilizojengwa ndani ya chumba na maandishi yaliyochongwa kwenye mbao. Nenda pia Nyumba ya Waomani. Hapo utajifunza umbo la nyumba bila kumsumbua mtu, kabla hujasimama mlangoni kwa watu.

Hatua ya nne: isome nyumba kutoka chini kwenda juu

Anza chini, kwenye baraza. Pima urefu wake kwa macho. Baraza ndefu pande zote mbili za mlango ni nyumba iliyokuwa na wageni wengi, pengine mfanyabiashara au mwanachuoni. Mgeni aliketi hapo, akapewa kahawa, shughuli ikaisha, naye hakuona hata pazia la ndani. Kwa hiyo baraza humheshimu mgeni na huisitiri nyumba kwa wakati mmoja. Kama baraza imevunjwa ili pikipiki ipite au duka litanuke, iangalie alama yake ukutani. Utaziona nyingi, na mimi kila nikiiona mpya huhuzunika.

Kisha mlango. Katikati kuna mfaa, ule mti uliosimama unaozifunika mbao mbili zikifungwa. Mara nyingi mfaa na kizingiti cha juu ndivyo vilivyochongwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Tafuta mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, ambao husemwa kuwa ni wa kuilinda nyumba, na tafuta maua, samaki, majani ya mtende. Misumari mikubwa ya shaba ilikuja na mtindo wa Bara Hindi. Juu ya mlango mwingine utakuta aya ya Kurani au mwaka wa Hijria. Usiuguse kwa mikono yenye mafuta ya viazi karai, tafadhali. Nimewaona watu.

Sasa rudi nyuma hatua kumi uinue macho. Roshani za mbao ndizo zinazoitofautisha Mombasa na Lamu. Nyumba ya Lamu huuficha uso wake. Nyumba nyingi za Mji wa Kale unazoziona leo zilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wafanyabiashara wa Kihindi walipokuwa wamejaa, nazo hutoa roshani nje juu ya kichochoro. Angalia viegemeo vyake vya mbao, vimekatwa kwa mapindo. Angalia ubao wa matundu uliowekwa kama pazia. Upepo unapita, mwanga unapita kidogo, na mama wa nyumba anauona mtaa mzima pasipo mtaa kumwona yeye. Mjini kwetu habari zilianzia roshanini kabla hazijafika sokoni.

Mwisho angalia paa. Mengi sasa ni mabati yaliyopigwa kutu. Usiyadharau. Bati ndilo lililoziokoa nyumba nyingi zisilowe.

Kuhusu picha: jengo piga, mtu muombe. Mama aliyekaa barazani kwake, watoto, na watu wanaoingia msikitini usiwapige kabisa kama hujaruhusiwa. Vaa nguo za kusitiri mabega na magoti, mwanamume na mwanamke.

Hatua ya tano: piga hodi

Hapa ndipo wageni wengi huogopa, na hapa ndipo penye utamu wote. Ziko njia tatu za kuingia ndani. Unaweza kuingia nyumba ambazo sasa ni maduka ya vitu vya kale, manukato au kahawa, ambako ukinunua kitu kidogo utaachiwa utazame hadi juu. Unaweza kumchukua mtembezaji wa mtaa. Mpatane bei na muda kabla ya hatua ya kwanza, na umwambie wazi kwamba unataka nyumba, hutaki mzunguko wa maduka ya vinyago. Au unaweza kuomba mwenyewe.

Kuomba kuna utaratibu. Simama kando ya mlango, usisimame katikati ukachungulia. Toa salamu, piga hodi. Usipojibiwa mara ya tatu, ondoka bila kinyongo. Ukijibiwa, sema shida yako kwa ufupi:

"Hodi, hodi wenyewe!"

"Hodi! Nani?"

"Mgeni, bibi. Shikamoo. Nimeupenda mlango wako, naomba kuutazama kwa karibu."

"Marahaba mwanangu. Mlango wautazama wa nini, ndani hukuoni? Karibu."

Sikuahidi kwamba kila nyumba itakujibu hivyo. Watu wana wagonjwa, wana maombolezo, wana nguo za kuanika. Lakini nimeshuhudia hili mara nyingi kuliko nilivyotarajia, hasa asubuhi kati ya saa tatu na saa nne, kabla ya pilikapilika za jikoni. Kama kundi lenu ni zaidi ya watatu, gawanyikeni. Vua viatu. Usishike mkono wa mtu wa jinsia nyingine mpaka yeye aunyooshe. Ukipewa juisi au chai, kunywa hata kidogo. Pesa usimtolee mwenye nyumba usoni. Ukiwa unataka kushukuru, rudi jioni na kilo ya sukari au matunda.

Hatua ya sita: ukiwa ndani, tazama haya

Kitu cha kwanza utakachokiona ni kwamba vyumba ni virefu na vyembamba. Siri yake iko juu ya kichwa chako. Dari limebebwa na boriti za mikoko, nyingi zililetwa kwa jahazi kutoka upande wa Lamu, na boriti iliyonyooka vizuri hupatikana kwa urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko mti wake. Kwa hiyo fundi alipotaka ukubwa alirefusha, akapanga chumba nyuma ya chumba, na kila ukivuka mlango unazidi kuingia kwenye faragha: ukumbi, sebule, kisha ndani kwenyewe, wanakozaliwa watoto na wanakooshewa wafu wa nyumba. Mgeni haulizi kuonyeshwa ndani. Akipelekwa, ashukuru.

Vidaka, ambavyo watu wa Lamu huviita zidaka, ni vishubaka vilivyochimbwa au kujengwa ukutani. Katika nyumba kuu za Lamu hupanda safu juu ya safu hadi darini, vimechongwa kwa chokaa. Mombasa mara nyingi utakuta viwili au vitatu tu pembeni mwa mlango. Humo waliweka vyombo vya sini, msahafu, taa, chupa za marashi. Ukikaa mbali ukavitazama, utaona jinsi vinavyokipa chumba chembamba kina ambacho hakina. Macho hayaishii ukutani.

Uliza ruhusa ugeuze kiti, uangalie kazi. Kiti cha enzi, chenye mgongo wima na kamba zilizosukwa, kilikuwa cha mgeni wa heshima, si cha baba mwenye nyumba. Kitanda cha samadari chenye nguzo na miguu mirefu kiliinuliwa hivyo ili hewa ipite chini na makasha yaingie uvunguni. Kasha lenye misumari ya shaba, ukibahatika kufunguliwa, litatoa harufu ya udi na nguo za harusi ya mtu aliyekufa zamani. Nilifunguliwa moja nikiwa na miaka kumi na bado naijua harufu ile.

Usitazame vya zamani peke yake. Nyumba ya kale ya Mombasa ina friji yenye kitambaa cha kufuma juu yake, maua ya plastiki, kalenda ya msikiti, picha ya mjukuu aliyehitimu, na televisheni ndani ya kidaka kilichopanuliwa. Uzuri wake uko katika kukaliwa. Nyumba iliyopambwa kwa vitu vya kale tupu, ikangojea wageni, huwa baridi kama duka.

Sasa gusa ukuta kwa ngumi, taratibu. Hili nalisema kwa uchungu. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe, yaliyounganishwa kwa chokaa iliyotokana na mawe hayohayo: yalipangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa, yakazimwa kwa maji, chokaa ikaachwa ikapoe na kuiva kabla ya kuchanganywa na mchanga. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu na kuutoa, tena na tena, mwaka mzima. Chokaa ya nje huchakaa, kwa hiyo hupakwa upya kila baada ya miaka michache. Ndiyo kazi yake, ichakae yeye jiwe libaki.

Shangazi yangu alichoshwa na kupaka. Akamwita fundi, fundi akamwambia saruji itamaliza shida. Sebule ikapigwa plasta ya saruji, ikapakwa rangi ya mafuta, ikang'aa kwelikweli. Haikupita mvua ya pili ya mwaka, ukuta ukaanza kuvimba kuanzia magotini kwenda chini. Unyevu ulikuwa umezuiwa nyuma ya saruji pamoja na chumvi yake, na chumvi ikikauka hukua ikalisukuma jiwe hadi likawa unga. Tulipobandua plasta, tumbawe lilitoka nayo kwa viganja. Kwa hiyo ukigonga ukuta ukasikia unalia kitupu, na rangi imeinuka kama malengelenge, umeijua nyumba inayougua. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ina ofisi ya uhifadhi hapahapa. Mwenye nyumba ya kale anaweza kwenda kuuliza kabla hajamwita fundi. Shangazi hakujua. Wengi hawajui, na nakuomba umwambie mtu.

Hatua ya saba: Jumapili, nenda ukaone mifupa

Ukishaona nyumba yenye nyama, nenda ukaone iliyobaki mifupa. Utaielewa mara moja, kwa sababu mpango ni uleule.

Chaguo langu ni Jumba la Mtwana, kaskazini mwa Mombasa, karibu na mji wa Mtwapa. Chukua matatu hadi Mtwapa, kisha boda boda mpaka baharini. Ni mji wa karne ya 14 na 15 uliohamwa, umebaki kuta chini ya mibuyu. Tafuta Nyumba ya Milango Mingi, uingie chumba kwa chumba ukihesabu upana kwa hatua zako. Upana ni wa boriti zilezile ulizoziona jana. Kisha shuka hadi msikiti wa ufuoni. Angalia ratiba ya maji kabla ya kwenda: maji yakiwa yamekupwa utatembea mchangani mbele ya msikiti, na maji ya bamvua, yale makubwa kuliko yote, yakijaa bahari huja karibu mno. Beba maji ya kunywa na chakula, saa tatu zinatosha.

Mwenye gari na nguvu aende Gede, karibu na Watamu, mwendo wa kilomita mia moja na ushei. Nenda kipupwe au demani, kwa sababu msitu wake ukishiba mvua mbu hawana huruma. Nyumba za Gede zimepewa majina ya vilivyochimbuliwa ndani yake: Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Pesa za Kichina. Liko na kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka 1399. Ukirudi simama kwenye magofu ya Mnarani, Kilifi, kama bado kuna mwanga.

Lamu usiibane ndani ya wikendi ya kawaida. Itafutie siku nne.

Hatua ya nane: chukua nyumba, uache mlango

Kila mgeni wangu hutaka kuondoka na kitu. Milango ya kale, vipande vya fremu na roshani zilizong'olewa usinunue. Kila mlango unaouzwa umeacha tundu mahali fulani, na vitu vya kale vinalindwa na sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, havitolewi nchini bila kibali. Vivyo hivyo kigae cha sini ulichokiokota Jumba la Mtwana: kirudishe kilipokuwa.

Vya kuchukua vipo. Nenda mtaa wa Biashara ununue leso, uisome jina kabla hujalipa, kwa maana utaitandika chumbani kwako na itakuwa inakuambia maneno yale kila siku. Nunua mkeka wa ukindu, chetezo cha udongo, udi kidogo. Jioni tafuta kikuba cha asmini uweke juu ya mto wa kulalia.

Kilicho bora zaidi hakiuzwi, nacho ni mpango wa nyumba. Hata ukiwa umepanga fleti ya vyumba viwili Nairobi au Bamburi, unaweza kuhamisha kiti kimoja kirefu kikae karibu na mlango kiwe baraza ya mgeni. Tafuta madirisha mawili yanayotazamana, uondoe kabati lililoziba njia baina yake. Shusha vikao, tandika mkeka, acha ukuta mmoja mweupe mtupu wenye rafu tatu za kina kidogo, uweke vitu vichache unavyovipenda. Inua kitanda. Hayo utayafanya Jumatatu jioni bila fundi.

Kabla hujaondoka Jumapili, pita tena kwa yule bibi aliyekukaribisha, umuage. Ukiwa ulimpiga picha mlango wake, ichapishe huko kwenu, kwa karatasi, uje nayo safari nyingine au umpe mtu anayekuja. Picha za kwenye simu hatuzipati. Ya karatasi utaikuta ndani ya kidaka, imeegemezwa ukutani, karibu na ya mjukuu.